Kiboko Aliyemvunja Baba Mguu

Garsen, Jumapili, 1 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila kuna jambo moja, nalo nitakueleza.

Barua yako ya mwisho ilifika ikinuka ng'onda. Najua Danson hutufanyia hisani kuzileta kwa pikipiki yake, lakini mwambie barua zisikae kikapu kimoja na samaki. Mumina, anayelala kitanda cha juu yangu, ameniomba niwe nazisomea nje.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe tano Julai ni siku ya wazazi, na Mwalimu Gershom amenichagua mimi nihutubie. Mimi, Baba! Mimi ambaye nikiitwa jina kwenye gwaride natamani kujibu kwa maandishi. Nilimwambia wako wanafunzi wenye sauti. Akasema sauti inanunuliwa kwa betri ya kipaza sauti, lakini kichwa hakinunuliwi. Akasema bado anaikumbuka insha yangu ya kidato cha kwanza, ile ya siku ulipopambana na kiboko kwenye shamba la mahindi, iliyonipatia kamusi. Alisema aliyeweza kuwatia watu hofu namna ile kwa kalamu ataweza pia kwa mdomo.

Nitazungumza juu ya afya ya vijana. Ni mambo ya kawaida tu.

Najua safari kutoka Kau ni ndefu, na mto umejaa, na mguu wako hupata shida kwenye mtumbwi. Kwa hiyo usijisumbue kuja. Nitakuandikia kila kitu.

Msalimie Mama na wadogo zangu.

Binti yako,
Kadii


Kau, 6 Juni 2025

Kwako mama yangu Kadii,

Nakuita mama kwa sababu jina ni la mama yangu, na yeye pia alikuwa akinyamaza mpaka watu wanamsahau, halafu anasema neno moja nyumba nzima inatulia.

Nisijisumbue? Wewe umesoma vitabu vingi lakini hapo umekosea. Binti yangu anasimama mbele ya wazazi wa Garsen yote, nami nikae Kau nikihesabu minazi? Nitakuja. Mguu umeshazoea mtumbwi. Nimenunua shati. Mama yako anasema lina maua mengi, mimi nasema ni siku ya furaha.

Nimewatangazia watu wote pale mangwe, na wewe unajua mangwe langu, habari ikimwagwa pale wanapokunywa mnazi inafika Kipini kabla ya jua kuzama. Gunga amelia. Ingawa Gunga hulia kwa mambo mengi.

Jambo moja. Kwetu mtu aliyekulelea mtoto haendewi mikono mitupu. Nilipokwenda kumposa mama yako nilibeba kibuyu cha mnazi begani, na babu yako alipoonja ndipo alipouliza jina langu. Basi Mwalimu Gershom nitamletea dumu la lita ishirini, mnazi wa mgemo wa kwanza, na nitalikabidhi mbele ya watu ili aheshimike.

Hiyo insha ya kiboko, usiisome tena hadharani. Imetosha.

Mimi babako,
Thoya


Garsen, Jumanne, 10 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tafadhali, tafadhali, usilete dumu.

Nimeanza barua hii mara nne. Sikukuambia kweli yote. Siku ya wazazi mwaka huu ni siku ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Kutakuwa na bango langoni. Hotuba yangu ndiyo hiyo. Mwalimu amenipa karatasi ya mambo ya kusema, na jambo la tatu linasema hivi: "Mgema ni adui wa kijana."

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi nikitafuta namna ya kuipita kama mtu anavyopita tope. Siioni.

Kuna jingine. Fomu ya kujiunga na shule ilikuwa na nafasi ya kazi ya mzazi, nikaandika "mkulima". Si uongo, unalima. Lakini najua kwa nini niliandika hivyo. Ndiyo sababu nilikuambia usije. Sikuwa nikiuonea huruma mguu wako. Naona aibu zaidi kuliandika hili kuliko nilivyoona aibu kulificha.

Tena karatasi yenyewe inanisumbua. Inasema anayeonja pombe mara moja hawezi kuacha tena, na kwamba kikombe kimoja cha mnazi hupofusha. Nilijaribu kuisoma bwenini usiku, wasichana wakacheka. Mmoja akasema, "Basi babu yangu ni kipofu anayesoma gazeti." Hapo Hamdi, tunayeketi naye dawati moja, akaniuliza kama na habari ya vile vidonge vya kukesha ukisoma ni hadithi kama hizo. Kuna mtu humuuzia, naye Hamdi huvificha kwenye soksi. Niliogopa kumwambia kwamba hatari ya vidonge ni ya kweli, kwa sababu karatasi ilikuwa ileile.

Ukinikasirikia nitaelewa.

Kadii


Kau, 13 Juni 2025

Kadii,

Nimesoma. Mama yako hajambo. Danson anasubiri hapa anapiga honi, na mimi nina minazi ya jioni. Nitakuandikia nikishuka.

Thoya


Kau, 18 Juni 2025

Mama yangu,

Nimeshuka. Nilichelewa kwa sababu kuna jambo nililokuwa nikilipanda na kulishuka siku tano.

Kwanza, sijakasirika. Niliumia kidogo, kama unapojikata na kotama, kisu chetu cha kugemea, unaona damu kabla ya kuhisi. Kisha nikajiuliza, huyu mtoto kuficha amejifunza wapi? Jibu nilipolipata nilicheka peke yangu juu ya mnazi, Gunga akaniuliza kutoka chini kama nimeona malaika.

Kadii, hakukuwa na kiboko.

Kaa chini ndipo uendelee.

Ilikuwa harusi ya shangazi yako Josephine. Nilianza kunywa asubuhi. Jioni mtu akasema mnazi umepungua, nikasema mimi ndiye mwenye minazi, napanda. Walinishika shati. Shati likabaki mikononi mwao, mimi nikapanda. Nilifika juu kwenye makuti, nikawapungia wageni mkono. Nikapunga na wa pili. Mgema ana mikono miwili tu, mama yangu.

Nilianguka juu ya banda la kuku. Kuku watatu walikufa, na mguu ukawa huu unaoujua. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Uliuliza nani amemfanyia Baba hivi. Mama yako alinitazama, akangoja niseme. Nikasema kiboko.

Ulipenda sana! Kila ulipouliza tena, nikamwongezea jino. Mwaka wa kwanza alikuwa kiboko mdogo, ulipofika darasa la nne alikuwa na ukubwa wa lori. Halafu ukapewa kamusi kwa ajili yake, ningesema nini?

Tangu siku ile mnazi nauonja kwa ncha ya ulimi kujua kama umeiva, kisha nautema. Muulize mama yako. Ulidhani ndivyo wagema wote wanavyofanya.

Sasa angalia. Mimi nilitaka mtoto wangu asinidharau, nikamletea kiboko. Mwalimu wako anataka watoto wasiharibike, naye amewaletea kiboko wake, huyo wa kupofusha. Wote tunawapenda, na wote tumewadanganya. Uongo wangu nimekuambia mwenyewe. Lakini Hamdi akimkuta mwalimu katika uongo wa kikombe, hatamwamini katika kweli ya vidonge. Huyo mtoto ndiye anayeninyima usingizi.

Lakini usinisafishe na mimi. Usiseme baba yangu ni mgema kwa hiyo mnazi ni maziwa. Gunga alikuwa fundi wa mitumbwi. Nilimuuzia miaka mingi nikiona mikono yake ikianza kutetemeka. Sasa simpi zaidi ya kikombe kimoja, na mwenye sare ya shule hapati hata cha kunusa. Nilichelewa kuweka sheria hizo. Ukizungumza, sema na hilo.

Andika unavyoona wewe.

Babako,
Thoya


Garsen, Jumapili, 22 Juni 2025

Kwa Mwalimu Gershom,

Samahani kwa kukuandikia ilhali ofisi iko hapa. Nilikuja mara tatu, mara zote nikageuka mlangoni kana kwamba nimesahau kitu.

Mwalimu, siwezi kusoma jambo la tatu. Baba yangu ni mgema. Kwenye fomu niliandika mkulima, naomba nirekebishe.

Pia naomba nisiseme kwamba kikombe kimoja hupofusha. Wanafunzi wengi wameona wazee wao wakinywa kikombe harusini na kwenda kulala salama. Na kwa kina Mumina ni haramu, hawanywi kabisa, kwa hiyo yeye anasema hotuba yote haimhusu, lakini kaka yake Issack anatafuna miraa mpaka hali chakula, na hilo karatasi haikulitaja. Nadhani tukisema uongo mmoja mahali tunapoweza kukamatwa, tutakosa kusikilizwa mahali penye hatari yenyewe. Kuna mtu bwenini aliyeniuliza swali la kweli na nikashindwa kumjibu. Sitamtaja jina, lakini ningependa nimjibu kabla hajajijibu mwenyewe.

Hotuba niliyoiandika nimeiambatisha. Ukiikataa nitaelewa, ila nitaomba asome mwingine.

Wako mtiifu,
Kadii Thoya, Kidato cha Tatu


Jumatatu, 23 Juni

Kadii,

Nimekusoma mara tatu. Ofisi yangu iko hatua arobaini kutoka darasa lenu. Siku moja utazitembea zote.

Karatasi ile niliiandika mimi. Mwaka juzi wavulana wawili niliowafundisha waliacha shule kwa sababu ya pombe, na mmoja wao huwa namwona pale stendi, hunisalimu akiangalia chini. Nilidhani wengine wakiogopa vya kutosha hawatamfuata. Bado naogopa kwamba ukiwaambia kuna mtu mzima anayekunywa kikombe na kulala salama, yupo atakayesikia "kikombe" tu. Hofu hiyo haijaniisha, na sitaki uidharau.

Lakini na mimi nilisikia kicheko cha bwenini. Dirisha langu liko karibu.

Soma ya kwako, kwa masharti mawili. Utaje kwamba sheria inamkataza muuzaji kumpa mtu asiyefika miaka kumi na minane. Na baba yako awepo, nisiambiwe tumemsema mtu mgongoni.

Gershom


Garsen, 26 Juni 2025

Baba,

Amekubali! Mumina alipiga vigelegele, mlezi wa bweni akaja mbio akidhani tumeona nyoka.

Uje. Nataka uje. Je, naweza kumtaja kiboko? Usipotaka nitamwacha.

Lakini dumu, Baba. Nakusihi.

Kadii


Kau, 30 Juni 2025

Mtaje. Ila kuku useme wawili. Wa tatu alikuwa mgonjwa tangu Jumatatu.

Dumu nitakuja nalo.

Thoya


Kau, 8 Julai 2025

Mama yangu Kadii,

Tuliondoka haraka kwa sababu Danson hapendi giza, hata sikukuambia nilivyoona. Wewe mwenyewe hukuona kitu, karatasi zilikuwa usoni.

Nilifika langoni na shati langu la maua na dumu langu. Juu pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba shule hii haina pombe. Mwalimu Gershom akanitazama, akalitazama dumu, akanitazama tena. Masikini, jasho lilimtoka. Alisema, "Mzee Thoya, karibu sana, ila huo mzigo..." Nikamwambia, "Fungua, mwalimu, ni wako." Akainama akanusa. Alipiga chafya tatu! Nikamwambia ni siki. Mnazi ukiuacha wiki nyingi bila kuugusa, unageuka siki yenyewe, na hiyo niliiweka tangu Aprili. Alicheka mpaka akashika mlingoti wa bendera. Wapishi wakaja kulichukua, na ile kachumbari mliyoisifu ilikuwa ya kwangu.

Hukuamini, eh? Nilijua ungekonda. Nawe ulinificha hotuba, tumelipana.

Niliketi benchi la nyuma karibu na mzee mmoja Mworma, Mzee Dida, ana mjukuu kidato cha kwanza. Kule langoni, kabla ya chafya, alikuwa amesogea mbali nami. Baada ya chafya akarudi.

Ukatoka wewe. Niliona karatasi mbili zenye miguu. Hatukusikia neno. Mzee Dida akapiga kelele, "Sauti, binti! Tumetoka mbali!" Watu wakacheka, nikadhani utakimbia. Ukashusha karatasi. Ukasema, "Baba yangu ni mgema. Yule pale nyuma, mwenye shati la maua." Watu wote wakageuka.

Kadii, nimepanda minazi mirefu. Sijawahi kuwa juu namna ile.

Kwa kiboko walicheka. Ulisema kuku watatu, tutaongea. Lakini ulipotoka kwa Gunga ukasema kwamba mtu anayekudanganya kwa sababu anakupenda bado amekudanganya, niliona Mwalimu Gershom anaitikia kwa kichwa taratibu, na mimi nikajikuta naitikia kwa changu. Halafu ukasema habari ya vidonge vya kukesha: kwamba vinakopa usingizi wa mwili na mwili unaudai wote siku ya mtihani, kwamba moyo hukimbia, kwamba ukivizoea hujui tena kusoma bila hivyo, na kwamba anayeviuza hajui ndani mna nini. Ulisema polepole kama mtu anayesoma anwani. Hakucheka mtu.

Kisha yule mvulana wa Madogo, Jibril, akauliza, "Mzee, kwa nini unauza kitu ambacho wewe hunywi?" Mama yako anasema ningejibu kitu kizuri zaidi. Nilisema sijui vizuri. Nilisema minazi ndiyo niliyoachiwa na baba yangu, na watoto wamesoma kwayo, na kuna siku nalala vibaya. Nilisema siki nimeanza, nione itafika wapi. Mwalimu akaandika kwenye daftari. Sijui aliandika nini. Labda ni kwamba kuna mtu mzima aliyesema "sijui" pale shuleni.

Gunga ameomba nimsimulie hotuba yote. Nilipofika kwake akauliza, "Alisema nilikuwa fundi?" Nikamwambia ndiyo, ulisema fundi. Jana amekuja kuchukua tezo lake la kuchongea mitumbwi lililokuwa limening'inia kwangu miaka mitatu. Sitasema zaidi, ni jana tu.

Ukifunga shule nitakuonyesha kiboko wako. Yuko nyuma ya jiko, amepinda kidogo kuelekea mtoni. Mwaka huu amezaa sana.

Babako,
Thoya


Garsen, Jumapili, 13 Julai 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenuka siki badala ya samaki. Mumina anasema ni maendeleo.

Nilitembea zile hatua arobaini. Nilikwenda kumrudishia mwalimu kamusi, kwa kuwa niliipata kwa kiboko asiyekuwepo. Alikataa kuipokea. Alisema ile ilikuwa zawadi ya insha, na insha inaruhusiwa kuwa na kiboko, mradi mwenye kuisimulia ajue ni wa kubuni. Kisha akanipa kazi ya kutunza sanduku.

Ameweka sanduku la maswali nje ya maktaba, mtu anaandika bila jina. Karatasi za zamani za kutisha amezitoa ukutani, ila ile ya sheria ya miaka kumi na minane ameiacha. Kufikia Ijumaa kulikuwa na maswali arobaini na moja! Mimi na Mumina tunayapanga. Mengine yatajibiwa na muuguzi wa kituo cha afya, mengine na mwalimu, na saba yameandikwa "Kwa Mzee wa Siki". Nakutumia. Moja linasema: "Baba yangu hunywa kila siku, je, ni kosa langu?" Jibu hilo kwanza, Baba. Tafadhali jibu kabla ya kugema.

Hamdi hakuandika swali. Jumanne jioni aliniita nyuma ya vyoo, akavua soksi, akaniambia nihesabu pamoja naye wakati anavidondosha shimoni. Vilikuwa sita. Tukafika sita, akasema, "Sasa nisaidie hesabu za kweli," na tumekuwa tukifanya hesabu kila siku kabla ya gwaride. Jana alipata alama ya chini na akacheka, akasema angalau ni yake mwenyewe.

Swali la mwisho ni la mtoto wa kidato cha kwanza, nadhani ni mjukuu wa Mzee Dida. Ameandika: "Kiboko yule wa kweli, yaani ule mnazi, una urefu gani?" Nimeshindwa kumjibu, na sitaki kubahatisha.

Tunafunga Ijumaa, tarehe moja Agosti. Nimeazima utepe wa kupimia kwa mwalimu wa useremala. Wewe utashika upande wa chini. Nitapanda mimi, na sitakuwa nimekunywa chochote ila chai ya Mama.

Waondoe kuku, wote watatu.

Binti yako,
Kadii Thoya, wa mgema